Kuwafundisha watoto wadogo nyota, Unguja na Pemba: anza na kivuli, darubini iwe ya mwisho

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa maandalizi, mwalimu wa skuli ya msingi, ustadhi wa chuo cha Qur'ani au mzazi mwenye watoto wa miaka 4 hadi 10 na nia ya kuwaonyesha anga. Umri huo ndio uliolengwa na mpango wa UNAWE (Universe Awareness) wa kuwafundisha watoto wadogo elimu ya anga, ulioanzishwa mwaka 2005 Uholanzi na mwanaastronomia George Miley. Sababu inaeleweka: mtoto wa miaka sita huuliza asichokijua bila haya, na wa miaka kumi na tatu keshaanza kuona aibu.

Kwanza, neno. Ukimwambia mzazi unafundisha unajimu, wapo watakaofikiria ramli na kutazamia, na mtoto hutamwona tena. Sema falaki, au sema tu "elimu ya nyota na mwezi". Mweleze sheha na mwalimu wa chuo mapema kitakachofanyika, wapi, na saa ngapi watoto watarudi nyumbani.

Kosa kubwa ni kuanza na darubini. Mtoto wa miaka mitano ukimpeleka gizani, nyuma yake foleni ya watoto arubaini, ukamwambia "tazama hapo", ataona kope zake mwenyewe, atasema "nimeona" na ataondoka. Hajadanganya, kaona alichoweza kuona. Mpe wiki mbili za kutazama kwa macho matupu kwanza. Siku ya darubini atakuwa na kitu cha kutafuta.

Hatua ya 1: kivuli cha kijiti (siku moja, mchana)

Vifaa: ufito ulionyooka wa mita 1 juu ya ardhi, uzi wenye jiwe, chokaa au kombe za pwani, na futikamba.

Simamisha ufito uwanjani pasipo na mnazi wala ukuta karibu. Ning'iniza uzi wenye jiwe kando yake uhakikishe umesimama wima, kwa maana ufito ulioinama kidogo unaharibu vipimo vyote na hutojua kwa nini. Saa 3 asubuhi watoto waweke kombe kwenye ncha ya kivuli. Warudie saa 5, saa 6 na nusu, na saa 9. Usiwaambie kitakachotokea. Waulize: "Kombe inayofuata tutaiweka wapi?" Kila mmoja aweke jiwe lake pale anapodhani, halafu msubiri.

Zanzibar jua halifiki juu kabisa saa 6 kamili. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa mashariki zaidi yetu, kwa hiyo jua hupinduka kati ya saa 6:07 na 6:37 kutegemea mwezi wa mwaka. Mwanzoni mwa Machi ni kama saa 6:35, mwanzoni mwa Oktoba kama saa 6:11. Mtoto ana njia rahisi ya kujua: kivuli kikishafika ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka upande wa pili, adhana ya adhuhuri haiko mbali.

Sasa faida tuliyonayo sisi ambayo vitabu vya nje havina. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu, na kwa Pemba tofauti haifiki hata digrii moja. Kwa hiyo mtoto anayejua kibla keshajua kaskazini, huhitaji dira. Mwambie aelekee kibla. Juni jua la adhuhuri liko mbele yake na kivuli kinaangukia nyuma, kusini. Desemba jua liko nyuma na kivuli kinaangukia mbele. Ufito wa mita 1 hapa Unguja utatoa kivuli cha karibu sentimita 57 kuelekea kusini tarehe 21 Juni, na karibu sentimita 31 kuelekea kaskazini tarehe 21 Desemba. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na 9 Oktoba, kivuli cha adhuhuri kinapotea kabisa. Pemba ni siku mbili au tatu tofauti, Machi baadaye, Oktoba mapema. Kama unaweza kuchagua siku moja tu ya mwaka, chagua mojawapo ya hizo. Mtoto akiona chupa ya maji imesimama juani haina kivuli, hasahau.

Hatua ya 2: daftari la mwezi (wiki mbili)

Mpe kila mtoto karatasi yenye duara 15, zilizochorwa kwa kufuata kifuniko cha chupa ya maji. Anzeni siku hilali inapoonekana. Kila jioni baada ya magharibi mtoto atoke nje na mtu mzima, atazame, apake rangi sehemu yenye mwanga. Mawingu yakiziba, aandike "mawingu". Asikisie. Hili ni somo zito kuliko linavyoonekana, na watoto wengi hukisia kwa sababu wanaogopa duara tupu.

Hilali yetu hulala kama dau, pembe zote mbili zikielekea juu, kwa sababu tuko karibu na ikweta. Vitabu vingi vinauchora umesimama kama herufi C. Watoto wanaochora dau wako sahihi, na mwalimu asiwasahihishe kwa kufuata kitabu. Kinyume chake, waonyeshe kitabu uwaulize aliyechora alikuwa anaishi wapi.

Baada ya mwezi mpevu mambo huharibika kidogo: mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika 50 kila siku, na watoto washalala. Hamishieni kazi asubuhi. Siku kama ya 20 hadi ya 22, saa 1 asubuhi wakienda skuli, mwezi bado uko juu, upande wa magharibi. Nusu ya watoto huwa hawajawahi kugundua kwamba mwezi huonekana mchana.

Watoto wa pwani wana daftari la pili tayari: maji. Wanajua bamvua kwa sababu mama zao huenda kwenye mwani na pweza siku hizo. Waulize duara zipi za daftari lao zinakutana na bamvua. Itakuwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji makubwa yakija siku moja au mbili baadaye, na maji mafu wakati wa nusu mwezi. Tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hapa inafika karibu mita 4. Kwa mtoto mdogo inatosha kusema mwezi huvuta bahari, na jua likiwa kwenye mstari mmoja nao husaidia kuvuta.

Mwaka ukifika Shaaban, daftari litaleta swali la kuandama. Waacheni watoto watazame na wachore. Kama mwezi umeandama au haukuandama, hilo lina wenyewe. Mwalimu wa nyota asijitie.

Hatua ya 3: chungwa na taa (dakika 40, ndani)

Hapa mtoto anaelewa kwa nini duara zake zilibadilika. Unahitaji chumba chenye giza, taa moja tu yenye balbu isiyo na kifuniko, iliyowekwa juu ya meza usawa wa kichwa cha mtoto, na kwa kila mtoto chungwa moja kwenye kijiti cha mshikaki. Taa ni jua, chungwa ni mwezi, kichwa chake ni dunia.

Mtoto ashike chungwa mkono ukiwa umenyooka, juu kidogo ya kichwa chake, aelekee taa. Upande anaouona ni mweusi. Ajizungushe polepole kuelekea kushoto, macho kwenye chungwa: kwanza ukingo mwembamba, halafu nusu, halafu akiipa taa kisogo chungwa lote linang'aa. Anapofika nusu mwambie asimame na afungue daftari lake.

Mambo mawili huharibu zoezi. La kwanza ni mwanga wa pili: dirisha lisilozibwa vizuri, au simu ya mtu mzima anayepiga picha. La pili ni mtoto kushika chungwa chini, kichwa chake kikalitia kivuli na mwezi mpevu ukazimika. Hilo la pili usilifute haraka, hapo hapo mweleze kwamba ameshautia mwezi kwenye kupatwa.

Taa moja inatosha watoto wanane. Wakizidi wanagongana na machungwa yanaanza kuliwa.

Hatua ya 4: ukubwa na umbali (pwani, maji yakiwa yamekupwa)

Picha za vitabuni zinaonyesha dunia na mwezi vimebanana. Mpe mtoto chungwa la sentimita 7 na zambarau moja ya karibu sentimita 2. Hivyo ndivyo dunia na mwezi vilivyo kwa ukubwa. Mwambie aweke zambarau kwa umbali anaodhani. Wengi wataweka shibiri moja. Jibu ni mita 2 na sentimita 10, yaani dunia 30 zikipangwa mstari.

Kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea, nendeni pwani. Jua ni mpira wa miguu wa kawaida, upana sentimita 22. Dunia inakuwa punje ya ulezi, milimita 2, na inakaa karibu mita 24 kutoka kwenye mpira. Utaridi mita 9, Zuhura mita 17, Mirihi mita 36. Mshtarii ni zambarau nyingine, mita 123. Zohali ni gololi, mita 227. Neptune iko mita 711, na mtoto aliyetumwa huko na bendera hataonekana vizuri, kwa hiyo mtume na mtu mzima. Fanya kamba ya mita 24 yenye fundo mwishoni upimie hiyo. Hatua za watoto hazilingani na watabishana hadi maji yajae. Nyota ya jirani kabisa, kwa kipimo hicho hicho, ingekuwa zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapo, yaani Ulaya.

Usifanye zoezi hili na wa miaka mitano. Wao watabaki na ulezi.

Mashimo ya mwezi yafanyeni siku hiyo hiyo. Wengine hutumia unga wa ngano. Hapa kwetu kuchezea chakula mbele ya watoto si adabu, na hauhitajiki. Jaza karai mchanga mweupe mkavu kina cha sentimita 5, nyunyiza juu tabaka jembamba la udongo mwekundu uliochekechwa, uangushe kijiwe kutoka usawa wa goti, halafu kutoka usawa wa kichwa. Mchanga mweupe hurukia juu ya mwekundu na kutengeneza michirizi ile ile inayoonekana mwezini. Mchanga ukiwa na unyevu shimo halitoki, kijiwe kinazama tu.

Hatua ya 5: usiku wa kwanza, bila kifaa chochote

Chagua msimu. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ndiyo bora. Januari na Februari pia ni nzuri. Masika usihangaike. Vuli ni bahati nasibu.

Chagua mahali. Kwa nyota nyingi unataka giza: Makunduchi, Michamvi, au Pemba kule Makangale na Vumawimbi. Lakini uwanja wa mpira wa kijiji pasipo na taa za barabarani unatosha, na watoto wanarudi nyumbani kwa miguu. Forodhani nyota zimemezwa na taa, ila mwezi, Zuhura na Mshtarii huonekana hata pale. Kumbuka pwani ya magharibi inaona vinavyotua na pwani ya mashariki inaona vinavyochomoza. Ukiwapeleka watoto Paje kuangalia Zuhura ya jioni, itakuwa nyuma yenu juu ya minazi.

Chagua saa. Jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni, na giza kamili huingia karibu na isha. Sehemu nyingi watoto wako chuoni kati ya magharibi na isha. Ama ukubaliane na ustadhi akuachie siku moja, ama uanze baada ya isha na umalize kabla ya saa 3. Ramadhani acha, kuna tarawehe.

Mtu mzima mmoja kwa watoto sita au wanane. Mikeka, dawa ya mbu, kamba ya kuonyesha mpaka wa eneo, na tochi iliyofungwa karatasi ya nailoni nyekundu tabaka mbili au tatu kwa mpira wa ofisini. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu moja inayowashwa inarudisha kila mtu mwanzo. Wanaoogopa giza wakae katikati ya mkeka. Hadithi za mashetani usiku huo ziachwe, hata kwa mzaha.

Walale chali dakika kumi. Mwanzoni watacheka. Kisha mmoja atauliza kitu, na hapo ndipo somo linaanza. Usiwatajie nyota ishirini, tatu zinatosha:

Februari, saa 2 usiku, nyota tatu zilizopangana mstari, mkanda wa kundi la nyota liitwalo Jabari (Orion), ziko karibu na utosi. Hata wa miaka minne anaziona. Mei na Juni geuzeni kisogo kibla mtazame kusini: Salibu, nyota nne, kama ngumi tatu na nusu juu ya upeo. Watoto wengi huiita kishada, na ni jina zuri, liacheni. Mwishoni mwa Julai na Agosti, Nge amejikunja juu kusini, na mkia wake ni ndoana kamili. Hapo hapo kwenye mkia, kama kuna giza la kutosha, kuna wingu jeupe la Njia Nyeupe ambalo haliondoki upepo ukivuma.

Na kuna Kilimia, kikundi kidogo cha nyota ambacho wazee wa pwani walipangia kilimo: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa Novemba huchomoza mashariki giza linapoingia. Mwishoni mwa Aprili kinazama na jua na kupotea, kisha Juni kinazuka alfajiri. Mpe mtoto kazi ya kumuuliza babu au bibi yake. Jibu litakalorudi mara nyingi lina mengi kuliko alilonalo mwalimu.

Kupima angani, ngumi ya mkono ulionyooka ni digrii 10. Ngumi ya mtoto ni ndogo lakini na mkono wake ni mfupi, kwa hiyo kipimo kinabaki karibu kile kile. Mabaharia wa majahazi walipima urefu wa nyota kwa vidole, na kwa kibao chenye uzi wa mafundo kiitwacho kamal. Kabla hujaendelea, waulize: kuuziba mwezi mpevu kunahitaji kidole gani? Watasema kiganja. Kidole kidogo kinatosha na kubaki.

Hatua ya 6: sasa darubini

Tarehe: siku ya 5 hadi ya 9 ya mwezi kwa kalenda ya Kiislamu. Mwezi uko juu tangu magharibi, na kwenye mstari unaogawa mwanga na giza vivuli vya mashimo ni virefu. Mwezi mpevu unaumiza macho na hauna vivuli, unaonekana kama sahani. Wengi hupanga usiku wa mpevu kwa kudhani ndio bora.

Kifaa: darubini ndogo ya lenzi ya milimita 50, mfano wa Galileoscope inayokuza mara 25, inaonyesha mashimo ya mwezi, miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610, na pete za Zohali zikiwa ndogo sana. Ya kioo ya milimita 114 au 130 ni bora. Tumia ukuzaji mdogo, mara 25 hadi 40. Ukizidisha, mwezi unakimbia kwenye kioo kabla mtoto hajaweka jicho. Darubini ya macho mawili ya 7x50 ni nzuri kwa watu wazima, ila ya watoto wadogo mara nyingi haibani kufikia upana wa macho yao. Waambie watumie upande mmoja.

Upepo wa kusi unatikisa kila kitu, kwa hiyo kaa nyuma ya ukuta wa skuli. Weka kiti imara mbele ya darubini, mtoto ashike mgongo wa kiti. Asiposhika kiti atashika darubini, na utaanza kutafuta mwezi upya kwa kila mtoto. Dakika mbili kwa kila mmoja, watoto 15 kwa nusu saa. Wengine wawe kwenye mkeka wanachora, sio kwenye foleni.

Usimuulize "umeona?" Muulize "mpaka wa giza umenyooka au una meno?" Aliyeona atajibu. Asiyeona, kata kipande cha boksi kiwe kiraka, azibe jicho jingine, kwa sababu watoto wa chini ya miaka sita wengi hawawezi kufumba jicho moja.

Picha za rangi za mitandaoni zionyeshwe baada, kamwe sio kabla. Zohali kwenye darubini ni punje yenye masikio. Mtoto aliyekuja na picha kichwani ataona amedanganywa, asiyekuja nayo atapiga kelele.

Kuhusu jua

Darubini isielekezwe kwenye jua, hata sekunde moja, na mchana isiachwe uwanjani bila mtu. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na kwetu litaonekana limemegwa kipande tu. Filamu za eksirei, miwani ya kawaida na kutazama kwenye karai la maji si salama. Miwani maalumu iwe na alama ya ISO 12312-2 na isiwe na mkwaruzo. Kwa wadogo, bora wageuke watazame chini ya mwembe: vile vidoa vya duara kwenye kivuli cha majani ni picha za jua, na siku hiyo vyote vitaonekana vimemegwa. Kadi yenye tundu la milimita 1 hufanya kazi hiyo hiyo, picha ikiwa na upana wa karibu milimita 9 kwa kila mita moja ya umbali. Mpange ratiba ili watakaosali sala ya kupatwa kwa jua wapate nafasi.

Maswali yatakayokuja

"Mbona mwezi unanifuata?" Mtembeze uwanjani: mnazi wa karibu unabaki nyuma, wa mbali kama unakwenda naye. Mwezi uko mbali kuliko minazi yote.

"Nyota mchana zinakwenda wapi?" Washa tochi juani. Imezimika?

"Kimondo ni nini?" Chembe ya vumbi au kijiwe kinachoungua juu sana, kilomita 80 hadi 100. Mara chache kubwa hufika chini, kama kimondo cha chuma cha Mbozi, mkoani Songwe. Mtoto akisema chuoni kafundishwa kuwa hupigwa nacho shetani, usimbishie mbele ya wenzake. Mwambie wewe unaeleza kinachoungua.

"Pepo iko wapi?" Hilo akamuulize ustadhi.

Baada ya watu kuondoka

Chumvi na unyevu wa pwani huua darubini haraka kuliko watoto. Usifute lenzi kwa kanga wala kwa ncha ya shati, chembe za mchanga zitaichana. Puliza kwa pampu ndogo ya mpira, na umande uache ukauke wenyewe kabla ya kufunika, kwani ukifunika ikiwa na maji ukungu utaota ndani na hautoki. Futa mwili wa darubini kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha kikavu. Ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana pamoja na vifuko vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kumi au zaidi, na kila baada ya miezi miwili vianike juani siku nzima. Tochi toa betri.